Mchele ni wetu, mikate ni ya nani?

Saa kumi na moja ya asubuhi Mangobo bado iko na giza, lakini mbabula za wamama wa mikate zimekwisha kuwaka. Moshi ya makala inaingia mu madirisha, harufu ya mafuta ya mawese inatuamsha mbele ya jogoo. Mtoto wa masomo anashika noti yake, anakimbia, anarudi na mikate mu karatasi ya kaye ya mwaka jana. Nyumbani mama amekwisha kupika uji ya mchele. Tunakula, tunapanda toleka, tunaenda kazini. Hiyo ndiyo asubuhi ya Kisangani tangu sisi wenyewe tulipokuwa watoto.

Wandugu wasomaji, leo tunaomba muangalie tena meza hiyo, maana tumeizoea mpaka hatuioni. Mu kikombe kuko mchele. Ulilimwa Bengamisa, Isangi ao Opala, ukaja mjini kwa mtumbwi ao kwa velo. Mu mkono kuko ngano. Ililimwa ng'ambo ya bahari, mu nchi ambayo hatutaiona. Kikombe ni chetu, lakini mkono umeshika kitu cha wengine. Na kila mara kitu hicho cha wengine kinapopanda bei, mama wa mikate ndiye analipa wa kwanza, na mtoto wa masomo analipa wa pili.

Analipa namna gani? Mikate haipandi bei hivi hivi. Inakonda. Noti ni ile ile, lakini kidonge kilichokuwa kinajaza mkono wa mtoto sasa kinashikwa na vidole vitatu. Mama mmoja tunayenunua kwake kila siku alituambia bila kuficha: "Papa, nikipandisha bei, batoto banakimbia kwa mwenzangu. Nikiacha kipimo ya zamani, mangaribi sina feza ya kununua unga ya kesho. Sasa nifanye nini? Napunguza kidogo, Mungu atanisamehe." Mama huyu analipia watoto wawili wa sekondari kwa mikate. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na kila mzazi anajua. Yeye na wenzake sita wako mu likelemba moja. Siku unga inapanda, likelemba inatikisika. Siku likelemba inatikisika, kuko mtoto mmoja anarudishwa nyumbani na kaye zake.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba habari ya mikate ni habari ya tumbo tu.

Ngano inapenda baridi. Huku kwetu, mu joto na mvua ya msitu, haiwezi. Kwa hiyo inakuja kwa meli mpaka Matadi, inapita Kinshasa, kisha inapanda mto mu balenieri, kilometa 1,734 kutoka Kinshasa mpaka bandari yetu. Ao inatokea mashariki kwa barabara ya taifa namba 4, Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, njia ambayo kila dereva anajua matope yake na woga wake. Mwezi wa pili 2022 Urusi iliingia Ukraine kwa vita. Nchi hizo mbili ni kati ya zile zinazouza ngano nyingi duniani, na bei ikaruka ulimwenguni kote. Mama wetu wa Mangobo hajawahi kusikia jina la Odessa. Lakini bandari ya Odessa ilipofungwa, kidonge chake kilikonda.

Wala si mara ya kwanza. Wakubwa kati yetu wanakumbuka vita ya 1998, wakati mto ulipokatwa na mashua za Kinshasa hazikupanda tena kwa miaka. Ndipo velo zikawa teksi zetu, na jina la toleka likabaki. Unga ya ngano ilipokosekana, wamama hawakuzima mbabula. Walikaanga muhogo, walikaanga ndizi zilizoiva na kupondwa, walikaanga mahindi. Tulikula, tukaishi. Kisha ngano ikarudi, na haraka sana tukasahau kwamba tuliweza.

Kilichotukumbusha haya si mkutano wala kitabu. Ni simu. Vijana wa mji siku hizi wanaangalia filamu za Korea Kusini usiku kucha, pale umeme inapokubali. Binti mmoja wa nyumbani alitukimbilia na simu yake: "Papa, angalia, hata kule beko na mikate!" Tukaangalia. Soko, sufuria kubwa ya mafuta, mama mwenye tabliye anageuza vidonge vya duara, anavitoa, anavizungusha mu sukari. Kama si mwandiko wa juu ya duka, tungesema tuko marché ya Mangobo. Tukauliza vinatengenezwa na nini, na jibu likatukalisha. Si ngano. Ni unga ya mchele, ule mchele wenye kunata wanaouita chapssal. Ngano wanatia kidogo tu, ya kushikisha. Ndani wanaweka maharagi mekundu yaliyopikwa na kupondwa pamoja na sukari.

Tulitafuta zaidi, na tukakuta kwamba nchi hiyo ilipita mu shida inayofanana na yetu. Korea Kusini ilitoka vita ya 1950 mpaka 1953 ikiwa na njaa. Marekani iliwaletea ngano ya msaada, nyingi, miaka na miaka. Mchele haukutosha, na mu miaka ya 1960 na 1970 serikali yao iliwasukuma watu kula ngano. Kulikuwa na siku ambazo restora zilikatazwa kuuza mchele. Shuleni walimu walifungua masahani ya watoto kuangalia kama mchele umechanganywa na shayiri. Kutengeneza pombe ya mchele kulikatazwa pia. Lakini wakati huo huo watafiti wao walikuwa mu mashamba wakitafuta mbegu. Mpunga wao mpya, ulioitwa Tongil, ulienea mu miaka ya 1970, na kufikia 1977 nchi ilijitosheleza kwa mchele. Hata leo hawajasahau jambo hili. Mwaka 2022, ngano ilipopanda bei, serikali yao ilitangaza mpango wa kulima mpunga wa kutolea unga, ili mpaka 2027 unga ya mchele ishike nafasi ya sehemu moja kati ya kumi ya unga ya ngano wanayotumia.

Sikieni vizuri: sehemu moja kati ya kumi. Nchi tajiri, yenye viwanda vya magari na simu, inaona si haya kuhesabu unga ya mikate. Sisi, ambao unga hiyo inaamua kama mtoto atasoma ao hatasoma, tunaiacha mikononi mwa bahati.

Na mchele si mgeni kwetu. Ulikuja na watu wale wale waliotuletea lugha hii tunayoandika. Mu karne ya 19 wafanyabiashara wa Zanzibar na Wangwana wao walipita Manyema, wakafika kwenye maporomoko ya Wagenia. Mwaka 1887 Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, aliwekwa na dola ya Leopold kuwa wali wa Stanley Falls, hapa hapa petu. Hatuwasifu. Njia yao ilijaa minyororo na pembe za tembo, na vijiji vingi havikusimama tena nyuma yao. Lakini waliacha mashamba ya mpunga, na waliacha Kiswahili.

Kule pwani walikotoka, mpaka leo watu wanaloweka mchele usiku, asubuhi wanausaga pamoja na tui la nazi, wanatia hamira, sukari na iliki, wanamimina mu chuma chenye vishimo vya duara na mafuta kidogo. Hivyo ni vitumbua. Ni ndugu kabisa wa mikate yetu, lakini wao ni wa mchele. Lugha ilifika Kisangani, mchele ulifika Kisangani, kitumbua ni kama kilichoka njiani. Labda mu nyumba chache za zamani bado kinapikwa. Barabarani hatukioni.

Kisha wakaja Wabelgiji na kilimo cha lazima, kwa amri ya 1917. Babu zetu wa jimbo hili walilima pamba na mpunga chini ya fimbo. Ni uchungu, lakini ndiyo hivyo mpunga ulivyoingia mpaka mu vijiji vya ndani. Na Yangambi, kilometa karibu 100 kutoka hapa, kuanzia 1933 kulikuwa INEAC, leo INERA, ambako watafiti walichagua mbegu za mpunga wa nchi kavu, ule usiotaka maji ya kusimama. Mbegu moja ya huko, OS 6, ilisafiri mpaka Nigeria, wakaipa jina la FARO 11 na kuilima kwa miaka mingi. Maana yake mbegu ya Tshopo ililisha Wanigeria, na mtoto wa Tshopo anangoja unga ya kutoka Matadi.

Hapa wamama wanaojua jiko watatukatisha: "Papa, muchele haivimbi!" Ni kweli, na hatutaki kudanganya mtu. Ngano iko na kitu ndani yake kinachovutika kama mpira. Hamira inapotoa hewa, kitu hicho kinaishika, kidonge kinavimba. Mchele hauna. Mchele wa Korea unasaidiwa na ule mnato wake, na wetu haunati namna hiyo. Sisi wenyewe tulijaribu nyumbani, na tunakiri yote. Mara ya kwanza tulisaga mchele mkavu mu kinu, tukachanganya na maji baridi. Ilitoka mawe. Mbwa wa jirani alinusa, akaenda zake. Mara ya pili mafuta ilikuwa moto sana: ngozi ya kidonge ikakauka haraka, mvuke ikakosa njia ya kutokea, kidonge kikapasuka na mafuta ikaruka mpaka ukutani. Ashukuriwe Mungu, hakuna aliyeungua. Wenye kujaribu, moto iwe ndogo na mkono usiache kugeuza.

Mara ya tatu tulisikiliza wanaojua. Tuliloweka mchele usiku kucha, tukamwaga maji, tukautwanga ungali na unyevu, tukachunga. Sehemu ya unga hiyo tukaikanda na maji yenye kuchemka, kama Wakorea wanavyofanya, ili ishikane. Tukatia ndizi moja iliyoiva sana. Kisha tukachanganya na ngano: mu kilo tatu za unga, kilo moja ya mchele na mbili za ngano. Hamira kama kawaida. Mikate ikatoka. Si laini kama ile ya ngano tupu, tuseme ukweli, lakini ngozi yake inalia kidogo kwenye meno, ndani ni tamu, na mafuta haikunyweka sana. Watoto walimaliza sahani bila kuuliza kitu. Mtoto akimaliza bila kuuliza, mtihani umepita.

Hatusemi basi kwamba ngano ifukuzwe Kisangani. Tunasema theluthi moja. Mama anayekaanga kilo tatu kila siku, kilo moja isitegemee tena vita ya wazungu wala tope la Nia-Nia. Siku ngano inapanda, yeye anaongeza mchele. Siku mchele unapanda, mu ule mwezi mgumu kabla ya mavuno, anarudi kwa ngano. Mwenye milango miwili hafungiwi ndani.

Kuko watu watakaosema wamama wenyewe ndio hawataki kubadilika. Hapo tunakataa kabisa. Tulimuuliza yule mama yetu kwa nini hajaribu, akacheka: "Nitasagia wapi? Ukipeleka muchele yenye maji kwa mashini, mwenye mashini anakufukuza. Anasema utamuharibia unga ya muhogo ya bantu. Na kutwanga kwa mkono kila usiku, nitalala saa ngapi?" Hilo ndilo jibu. Tatizo si kichwa cha mama. Tatizo ni mashini.

Kwa hiyo tunaomba vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachotaka ndege kutoka Kinshasa.

Cha kwanza, mu kila marché kubwa ya mji, Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Lubunga, iwe mashini moja ya kusaga mchele peke yake. Si lazima iwe ya serikali. Mwenye mashini akijua kuko wamama ishirini watakaokuja kila mangaribi, atanunua yeye mwenyewe. Kazi ya wakubwa ni kutomkamua kwa taksi mia moja siku ya kwanza tu.

Cha pili, chenga. Pale mpunga unapokobolewa, mchele unaovunjika unauzwa kwa bei ya chini ao unaenda kwa kuku. Kwa sahani ya wageni chenga ni haya. Kwa unga hazina kosa lolote, maana zilikuwa zinaenda kusagwa. Mama akianza na chenga, hesabu yake inakuwa nyepesi, na mwenye kukoboa naye anapata kitu.

Cha tatu, wasomi wetu. Tuko na chuo kikuu, tuko na kitivo cha kilimo, tuko na Yangambi. Tunawaheshimu sana. Lakini tungependa kumuona mwanafunzi mmoja akiandika kazi yake ya mwisho kando ya mbabula: kipimo gani, mbegu gani ya huku kwetu inashikana vizuri zaidi, muhogo kiasi gani, mafuta kiasi gani. Wamama watamfundisha mengi, na yeye atawaachia kipimo kilichoandikwa.

Cha nne, njia na amani. Mchele wa Opala na wa ng'ambo ya kushoto hauwezi kufika kama mkulima amekimbia shamba lake. Tangu 2023 tumeona wandugu Wambole na Walengola wakipigana ju ya ardhi, nyumba zikichomwa, familia zikilala mu makambi Lubunga. Shamba lisilolimwa leo ni uji unaokosekana kesho. Anayesema habari ya chakula cha mji huu bila kusema habari ya amani hiyo, hasemi kitu.

Na wakubwa wetu wanaweza kuanza wao wenyewe, bila bajeti. Kila juma mu mji huu kuko semina. Kuko bendera, kuko mafolda, kuko hotuba juu ya kupenda bidhaa za nyumbani. Saa nne wanasimama kwa pause-café, na mu sahani kuko nini? Beignets za ngano tupu. Siku moja waagize za mchele, kwa mama wa mtaa, walipe siku hiyo hiyo. Mama huyo atakuwa na la kuwaambia wenzake mu likelemba, na habari itatembea kuliko hotuba.

Tunajua watakaotujibu kwamba nchi iko na mambo makubwa kuliko vidonge vya unga. Labda. Lakini sisi hatujui jambo lingine linaloingia mu kila nyumba ya Kisangani kila asubuhi, kwa tajiri na kwa maskini, kwa Mwislamu na kwa Mkristo, kabla jua halijatoka. Kama hatuwezi kupanga hilo, hayo makubwa tutayapanga na nini?

Juzi tulipita tena kwa mama yetu na kifuko cha unga ya mchele, kilo moja, tuliyoitwanga sisi wenyewe mpaka mikono ikavimba. Alikitazama, akakipima kwa mkono, akauliza: "Muliloweka?" Tukasema ndiyo, usiku kucha. Akakiweka kando ya beseni lake, chini ya kitambaa. "Basi," akasema, "kesho mukuje mapema. Ikitoka mbaya, mutakula ninyi."

Tutaenda.